Darasa la Kaunti, Darasa la Serikali

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tena mfereji. Nimechoka na mfereji!

Uwanja wetu wa shule ni mmoja, lango moja, mwarobaini mmoja wa kivuli, lakini una wenyewe wawili. Upande huu chekechea: mimi, watoto wangu, mabati mapya, tangi la maji lenye mfereji wake. Hiyo ni kaunti. Upande ule shule ya msingi: Phineas na walimu wenzake, mabati yenye kutu, vyoo. Hiyo ni serikali. Ndivyo watu wasemavyo, "kaunti" na "serikali", kana kwamba kaunti si serikali. Maji ni yetu, vyoo ni vyao. Watoto wangu wakibanwa wanavuka kwa serikali, watoto wao wakishikwa na kiu wanavuka kwa kaunti. Mwalimu mkuu na mimi tulikubaliana hivyo zamani, bila mkutano wala mhuri, na mambo yakaenda.

Sasa leo kaja Bwana Thoya, afisa wa elimu wa kaunti, akakuta gredi ya sita wamepanga foleni kwenye mfereji wangu. Akanivuta kando. Tangi hili ni la chekechea, akasema, limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, nini hakieleweki? Nikamuuliza, basi niwaambie watoto wa miaka minne wajikaze mpaka kaunti ije ijenge choo? Akacheka. Thoya ana wema huo, hucheka.

Kisha akasema lililomleta. Kuna kamati inakuja kutoka Nairobi kukusanya maoni ya wananchi. Pendekezo ni kaunti zichukue shule za msingi, walimu na kila kitu. Anataka nizungumze kwa niaba ya walimu wa chekechea. Niunge mkono.

Nikasema nitaunga mkono, nani atanizuia?

Nimefika nyumbani nikakumbuka nani.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia Phineas tukila. Sima na samaki, mchicha kidogo. Akaweka tonge chini. Chama cha walimu kimemwomba yeye azungumze, akasema. Apinge.

Tukatazamana. Tukacheka mpaka Adhiambo akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikamwambia babako na mimi tutapigana mbele ya watu, kiingilio bure. Akasema yeye atakuwa upande wa baba kwa sababu baba hana kelele. Mtoto huyu! Nilimzaa mwenyewe.

Lakini baadaye, vyombo vimeshaoshwa, nikaona kwake si mchezo. Ami yake alikuwa fundi cherehani Likoni mwaka wa tisini na saba. Yeye na wengine wote wa bara walifukuzwa kwa jina la majimbo, kila mtu arudi kwao. Cherehani ilibaki. Neno majimbo likitajwa redioni, Phineas huinuka akaipunguza sauti, hata kama mpira unafuata.

Nikamwambia ugatuzi si majimbo, Baba Adhi. Akasema, "Kwenu, Mama Adhi, ni vitu viwili. Kwetu tulioambiwa tufunge virago kilikuwa kimoja."

Nilitaka kujibu, nikaenda kuanua nguo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeketi kuandika nitakayosema mbele ya kamati, badala yake naandika hapa.

Kwa nini nataka? Niseme kweli, hakuna anayesoma. Kabla ya kaunti, mwalimu wa chekechea alikuwa ombaomba mwenye chaki. Wazazi walinilipa walichokuwa nacho. Mahindi. Nazi. Mama mmoja wa Takaungu nilikokuwa nikifundisha wakati ule alinipa bata mzima, na yule bata akaniuma njia nzima. Kaunti ndiyo iliyoniandika kazi, ikanipa jina la mwalimu kwenye karatasi. Kwa Mama, kule Bamba, zahanati sasa iko umbali wa kutembea. Zamani mgonjwa alibebwa, na wengine hawakufika.

Na zahanati hiyo ina muuguzi mmoja, na kabati mara nyingi ni tupu. Hilo pia ni kweli. Na kakangu Kambi ni askari wa kaunti kwa sababu alijuana na mtu, na hafichi, husema zamu yetu imefika, mlitaka tufanyeje? Nikimsikia naona aibu, halafu nakumbuka ni yeye anayemnunulia Mama sukari.

Nionavyo mimi, madaraka yaliteremka kutoka Nairobi, yakafika Kilifi mjini, yakaona viti ni vizuri, yakaketi. Hayajafika Bamba. Hayajafika kwenye mfereji wangu. Lakini Kilifi naweza kwenda kugombana na mtu na saa sita nimerudi nyumbani kupika. Nairobi ningegombana na nani? Na bawabu?

Kwa hivyo bado nataka. Phineas ameuliza mbona nakunja uso peke yangu. Nimemwambia nakupinga. Akasema pinga taratibu, mtoto amelala.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na fulana.

Thoya alitugawia fulana za kijani, sisi wa chekechea, tukaketi safu ya pili katika ukumbi hapa Kilifi. Chama cha walimu upande wa kulia. Watu wamejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja wa Nairobi mwenye tai nzito, akainua mkono: "Taireni!" Kalitamka vibaya, kalivuta mwisho kama anayenadi mitumba. Ukumbi mzima ukaitika: "Za Mulungu!" Vigelegele juu. Nami nimo, nilipiga kigelegele. Hii ni salamu yetu Wagiriama ya kufungulia kikao, kukiombea heri. Kila mwanasiasa huikariri garini akivuka Mtwapa, na kila mara tunaitika. Hatujui kumnyima mtu.

Ikafika zamu ya Phineas. Amenyoa ndevu, shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Nilimpigia pasi mpinzani wangu! Akashika maikrofoni, na kwa lafudhi ya Mama yangu hasa, maana Mama ndiye aliyemfundisha, akasema: "Taireni."

Kambi alikuwa amesimama nyuma mlangoni, kazini, na sare yake ya kaunti. Akapaza sauti: "Taireni ya Kisumu hiyo!"

Nyumbani ndiyo kawaida yao. Phineas akifika kwa Mama, Kambi humrushia hilo, naye Phineas, ambaye hata si wa Kisumu, ni wa Siaya, humjibu kwamba afadhali huko samaki wanashibisha. Wanashikana mikono, wanacheka, wanaketi. Ni utani wa mashemeji. Miaka yote tumeuzoea. Lakini ukumbini nani aliyejua? Watu walimwona askari wa kaunti akimwambia mtu wa bara kwamba hii si yako. Wengine wakacheka. Wengi wakanyamaza. Hakuna aliyeitika.

Na mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilimtazama Thoya, anatazama viatu vyake. Nikatazama wenzangu wa kijani. Nikangoja mmoja aanze ili nifuate. Phineas akanitazama. Si ukumbi, mimi. Kisha akasema "Ahsanteni" na akaanza hoja zake.

Alizungumza vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Mtoto wa Bamba, akasema, ana haki ya kufundishwa na mtu aliyetoka mbali, na mtoto wa Siaya vilevile. Akasema mwalimu akiwa wa kaunti atamwogopa diwani kabla ya kumwogopa Mungu. Hapo watu walimpigia makofi, hata wa kijani wawili.

Muda ukaisha kabla ya jina langu. Tuliobaki tumeambiwa twende kikao cha Malindi, Ijumaa ijayo. Nilishukuru. Sijui ningesema kwa mdomo gani.

Ijumaa, 19 Septemba

Chai amepika mwenyewe. Ya tangawizi, nipendavyo.

Nikamuomba msamaha kwa ajili ya Kambi. Akasema Kambi hana kosa, Kambi alikuwa akimtania, yeye anamjua Kambi. Na ukumbi haumdai, wala yeye hadai kitu ukumbini. "Ila wewe nilikuona, Kanze."

Hajaniita Kanze tangu azaliwe Adhiambo.

Jumapili, 21 Septemba

Kwa Mama, Bamba. Nimeenda na Adhiambo. Phineas amesema ana madaftari ya kusahihisha. Hana. Nimeyaona yamesahihishwa yote.

Kambi alikuwepo. Nikamrukia kabla sijavua viatu. Akaapa kwa kila kitu kwamba alikuwa akimtania mlamu wake. Mlamu, shemeji, nisimtanie? Nimtanie nani, gavana? Alidhani Phineas atamjibu la samaki na ukumbi utacheka, mambo yaendelee. Kwamba sare aliyovaa ina sauti yake, hilo halikumpitia akilini. Nilimwona kweli hajui, na anaumia. Macho yalikuwa mekundu. Kisha akaharibu tena. Akasema, lakini dada, kwani uongo? Ni shemeji yetu, si mwenzetu. Tukipewa shule, tutaajiri wetu kwanza, walikuwa wakifanya hivyohivyo wao.

Nikamuuliza wao nani. Akasema wao, watu wa bara. Nikamuuliza na Adhiambo ni wa bara au wa pwani? Tumkate katikati? Adhiambo alikuwa pale, anakuna nazi, akaacha kukuna. Kambi akasema mtoto ni wetu, bila shaka, huku kwetu anaitwa Kabibi, bibi yake ndiye aliyempa jina. Akaenda kumchinjia kuku. Kakangu akishindwa na maneno huchinja kuku.

Mama hakuingilia. Anasuka ukili wake. Tulipobaki wawili akauliza, na wewe kwa nini hukumwitikia? Nikasema Mama, watu walikuwa wakitazama.

"Watu ndio waliokuoa?"

Akaendelea kusuka. Nilikula kuku wa Kambi bila kusikia ladha. Nimembebea Phineas paja. Ameniambia ahsante, ameliweka kwenye sufuria na kulifunika.

Jumanne, 23 Septemba

Simu. Namba nisiyoijua.

Sauti ya mwanamke, analia na kucheka pamoja. Anaitwa Kadii. Mgiriama wa Kaloleni, mwalimu wa shule ya msingi, serikali ilimpeleka Siaya na huko amekaa mpaka ameanza kuota kwa Kijaluo. Mamake ni mgonjwa. Ametafuta mtu wa kubadilishana naye miaka na miaka, kwenye makundi yote ya walimu ya WhatsApp: yeye aje Kilifi, mwalimu wa Kilifi aende Siaya. Hakuna aliyetaka. Na juzi, Ijumaa, mtu amemwandikia. Mwalimu Phineas. "Dada, mumeo amenirudisha duniani! Nimeambiwa wewe ni wa kwetu, nikasema lazima nikushukuru."

Ijumaa. Siku ya chai ya tangawizi.

Nilimwambia karibu nyumbani. Ndilo neno lililonitoka. Akaniuliza habari za mvua, habari za embe, kama pale Mazeras bado wanauza mkate wa mofa. Akasema watu wa Siaya si wabaya, wamemtunza, wanamwita mke wetu. Ila kila akifungua mdomo kanisani wanamwitikia wakitabasamu. Amechoka kutabasamiwa. Anataka kuwa mahali ambapo hakuna anayemwona.

Nilikata simu nikakaa kwenye vile viti vidogo vya watoto mpaka kengele ya serikali ikalia.

Alhamisi, 25 Septemba

Tumezungumza. Hatimaye!

Hajatia sahihi. Karatasi ya Kadii imeshatiwa sahihi, yake bado. Ameniambia angeniambia, alikuwa akitafuta siku. Nikamwambia siku saba zote zina majina, ungechagua moja. Hakucheka.

Nikamuuliza na mimi? Mimi ni wa kaunti. Serikali inaweza kumpeleka mwalimu wake Siaya, Garissa, popote. Mimi nikivuka daraja la Mtwapa si mwalimu wa mtu. Siaya nitaanza upya, nikiomba kazi kwenye kaunti ya watu, kwa Kiswahili changu kinachowachekesha. Akasema anajua. Akasema hajasema twende. Amesema aende.

Nilikuwa nimesimama nikaketi.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelizunguka kichwani tangu juzi bila kulitazama usoni. Kaunti zikichukua walimu, kubadilishana kutakwisha. Kila mwalimu atakuwa wa pale alipo, jinsi nilivyo mimi. Mlango utafungwa na yeye atakuwa ndani. "Kesho utaenda Malindi uombe mlango ufungwe, Mama Adhi. Huenda una haki. Lakini mimi sitaki kubaki hapa kwa sheria. Miaka kumi na tisa nimebaki kwa sababu nilitaka."

Nikamwambia sikuwa nikifikiria mlango, nilikuwa nikifikiria choo cha watoto. Na ni kweli! Karibu yote ni kweli. Lakini nikiosha uso nilijiuliza: tangu Jumanne, tangu ile simu, mbona nimeanza kuzipenda hoja zangu zaidi?

Sijui. Naogopa kujua.

Amesema atangoja mpaka kesho jioni. Hakusema anangoja nini.

Ijumaa, 26 Septemba

Malindi. Naandika nje ya ukumbi, nimeketi ukutani kwenye kivuli, ndala nimezivua. Kikao kimesimamishwa kwa swala ya Ijumaa. Wanaume wamekwenda msikitini, waliobaki wananunua mabuyu na maji.

Nimeshazungumza. Yaani nusu.

Sikuvaa fulana ya kijani. Thoya amenuna. Niliwaambia kuhusu uwanja wetu. Maji ya kaunti, vyoo vya serikali, na watoto wanaovuka bila kujua wamevuka nini. Nikasema mimi nataka madaraka yateremke, nayataka kuliko alivyoyataka mtu yeyote aliyesimama hapa leo. Lakini yasiishie Kilifi kwenye viti vyenye magurudumu. Yafike uwanjani. Mwalimu mkuu na mimi tumeuendesha uwanja ule kwa makubaliano ya mdomo, tupeni sisi na wazazi haki hiyo kwa sheria, na bajeti iwe moja. Nikasema ikiwa madaraka kuja karibu maana yake ni askari kumuuliza mwalimu kwao ni wapi, basi hayakuja karibu, yamebadilisha sare tu. Hapo ukumbi ulinyamaza. Safari hii sikujali. Mtu akapiga makofi, wakafuata wengine, nikafikiri nimemaliza. Niliinuka hata.

Mama mmoja wa kamati, anaitwa Cherop, mpole, miwani kwenye kamba, akasema mwalimu, subiri. Swali dogo. Amesoma maoni ya Kilifi ya wiki iliyopita, na upande wa pili wa uwanja huo kuna walimu kutoka kaunti nyingine. Wamekaa miaka mingi. Wengine wameoa huku. Kaunti ikichukua shule, mwalimu kama huyo asiye wa hapa, wewe unapendekeza sheria isemeje? Abaki, au apewe ruhusa arudi kwao?

"Kwao wapi?" Nilisema kabla ya kufikiri.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Ndiyo ninachokuuliza."

Na adhana ikaanza. Mwenyekiti akasema tutaendelea hapo hapo, zamu bado ni ya mwalimu.

Kadii amenitumia ujumbe. Picha ya mamake kitandani, na maneno: Mungu akipenda Januari. Phineas hajatuma kitu. Nimempigia, nikakata kabla haijaita. Ningemuuliza nini, jibu langu liwe lipi? Yeye anangoja kusikia nilivyosema mimi, na mimi hapa nangoja yeye.

Nikisema arudi, Kambi atakuwa ameshinda, na kila mtu wa bara aliyezika mzazi wake kwenye mchanga huu ataambiwa ni mpita njia. Siwezi kusema hivyo. Nikisema abaki, abaki kwa sheria, nimeufunga ule mlango kwa mkono wangu, na Kadii yuko upande wa pili wake. Nikisema achague mwenyewe, ndilo jibu la haki. Naliona kabisa. Ni zuri, linaweza hata kuandikwa kwenye ripoti. Na nikishalisema nitapanda gari mpaka Kilifi, nimkute mezani na kalamu.

Wameanza kurudi. Kanzu nyeupe, wengine wanakimbia kuwahi viti vya feni. Cherop amepita mbele yangu, ameniinamishia kichwa. Thoya ananipungia mkono niingie. Nimevaa ndala.

Lolote nitakalosema wataandika kwamba mwalimu wa chekechea wa Kilifi amependekeza. Hakuna atakayeandika kwamba ni mkewe.

Wananiita.